Mwenzenu nilidhani naenda kwa kinyozi

Leo mnivumilie, maana stori ni ndefu na haina staa yeyote ndani yake. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyefumaniwa, hakuna gari wala mjengo. Ni mimi tu na sauti yangu.

Wanaonijua wanajua. Wasionijua niwaambie: nina sauti nzito. Sizungumzii ile ya kukwaruza kidogo inayopendwa redioni usiku, hapana. Nzito. Nikipiga simu huduma kwa wateja naambiwa "sawa kaka, nikusaidie nini kingine?" Nikiwa Dar niliwahi kuita bodaboda kwa simu, jamaa akafika, akanipita, anamtafuta mwanaume aliyempigia. Huku Ohio ninakoishi mwaka wa sita sasa, nikipokea simu kazini naitwa bwana, nami nishaacha kusahihisha, inachosha. Kuna mkaka mmoja, tulikuwa tumekaribia kabisa kufika kwa wazazi, akaniomba nikiongea na mama yake niongee kwa juu kidogo, "kama wanawake wengine." Eti mama yake alishamuuliza ni mwanaume gani huyo anapokea simu yako usiku. Nilijaribu wiki mbili. Koo likaniuma. Huyo mkaka tumwache hukohuko alipo.

Basi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Columbus. Zamu zangu nyingi napangwa na mama mmoja wa Kizungu, ana miaka 60 na ushee, mcheshi, anatembea haraka kuliko sisi vijana. Kwetu ningemwita mama bila hata kufikiria. Yeye hataki, anataka jina lake tupu, nami mdomo unakataa kutaja jina tupu la mtu anayelingana na mama yangu mzazi. Kwa hiyo miaka miwili yote nimekuwa nikimwita "samahani". Humu nitamwita Mama Bari, mtaelewa mbele ya safari.

Siku moja tunatandika vitanda akaniambia Jumapili kikundi chake cha wanawake kina shoo ya babashopu, je nitakuja? Mimi babashopu ninayoijua ni saluni ya kiume. Nikawaza labda wanachangisha hela kwa kunyoa watu vipara, wazungu wana hayo mambo. Nikamuuliza, "Na wanawake nao mnanyolewa?" Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mzee wa watu.

Kumbe ni muziki. Watu wanaimba sauti nne bila ala yoyote, na jina limetokana na vinyozi kweli, kwa sababu zamani wanaume wakisubiri zamu ya kunyolewa walikuwa wanaimba. Si mmewahi kuwaona kwenye katuni, wanaume wanne, makoti ya mistari, kofia za majani, wamebanana vichwa? Ndio hao. Ila wanawake nao wanaimba, tena wana chama chao kikubwa, Sweet Adelines, kilichoanzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 1945, mwanzilishi akiwa mama anaitwa Edna Mae Anderson. Wanaume walikuwa wameanzisha chao mji huohuo mwaka 1938. Mama Bari anasema wale kina mama walichoka kukaa nyumbani wanasikiliza waume zao wakifanya mazoezi.

Tiketi dola 20. Nikasema nitakuja, nusu kwa heshima, nusu kwa sababu Jumapili yangu haikuwa na kitu zaidi ya kufua.

Shoo ilikuwa saa nane mchana kwenye ukumbi wa shule ya sekondari. Mbongo akisikia shoo si unajua, nilivaa kitenge changu cha Pasaka, kilemba juu, viatu virefu. Nafika nakuta watu wamevaa masweta na raba. Mlangoni kuna meza ya keki na biskuti za kuchangia kikundi, pembeni vikapu vya bahati nasibu vimefungwa kwa nailoni inayong'aa. Wastani wa umri mle ndani ulikuwa kama kazini kwangu tu, nikaanza kukagua kwa macho nani anaweza kudondoka. Mweusi nilikuwa peke yangu kwenye viti, ukimtoa kijana aliyekuwa anaendesha taa kule nyuma. Tulipeana ile salamu ya kichwa. Mnaoishi nje mnaijua.

Pazia likafunguka. Wanawake kama 50, wamepangwa kwenye ngazi kama picha ya darasa, wote magauni ya bluu ya kumeremeta mpaka unafumba macho. Na mekapu, jamani. Mekapu! Nimeona mabibi harusi wa Kinondoni, nimeona kitchen party ambazo mwenye shughuli hatambuliwi na mama yake, lakini hii ilikuwa ya daraja lingine. Midomo myekundu inaonekana mpaka uwanja wa ndege. Mama Bari nilimtambua kwa mwendo tu. Baadaye akaniambia ni makusudi, taa za jukwaani zinafuta uso, na aliyekaa mstari wa mwisho naye kalipa dola 20, anastahili kuona tabasamu. Pale mwanzo lakini nilijisemea moyoni, leo nimekwisha, saa mbili za kuchekelea.

Mmoja akatoa kifilimbi kidogo cha duara, akapuliza noti moja. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hata kugonga vidole hakuna. Kimya kidogo. Halafu wakaanza.

Nimekulia kwaya za kanisani, najua sauti nne. Kwetu wimbo wenyewe anaubeba sauti ya kwanza, yuko juu kabisa, wengine wanamfuata chini, na sauti ya tatu na ya nne ni za wanaume. Hawa wamegeuza. Anayebeba wimbo wanamwita lidi, naye yuko katikati. Juu yake yuko tenori, ni mwanamke lakini anaitwa tenori hivyohivyo, anaimba kwa wepesi sana, kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Chini yupo besi. Na baritoni anaziba mapengo, mara yuko juu ya lidi, mara chini yake, anaokota noti zilizobaki ambazo hakuna mwingine anazitaka. Ndiyo sauti ya Mama Bari hiyo. Yeye anaiita sauti ya makombo, anajivunia nayo kama cheo.

Sasa nisikilizeni. Kuna mahali wimbo unafika wanasimama, wote wanashikilia mlio mmoja. Hakuna anayetetemesha sauti, kila mtu kainyoosha kama kamba ya kuanikia. Na ghafla juu ya vichwa vyao ikatokea sauti nyingine. Nyembamba, inalia kama ukingo wa glasi ukiusugua kwa kidole kilicholowa. Niligeuka kutafuta spika. Hakuna spika. Nikawaangalia tenori, midomo yao haikuwa huko. Nywele za mikono zikanisimama, na nilikuwa nimevaa mikono mirefu.

Nilikuja kuelezwa kwamba ndicho kitu wanachokitafuta maisha yao yote, sauti ya tano, ambayo hakuna anayeiimba. Siyo uchawi. Kila sauti ya mtu ina vimilio vingine vidogo ndani yake, viko juu, kwa kawaida hatuvisikii. Sauti nne zikilingana sawasawa, vile vimilio vinakutana na kuongezeana nguvu mpaka sikio linasikia noti mpya. Piano haiwezi kuwapa hicho kitu, maana noti za piano zimesogezwasogezwa kidogo ili kinanda kimoja kitosheleze nyimbo zote. Wao wanalinganisha kwa sikio, palepale, wakisikilizana. Na ili itokee lazima chini pawe pana na imara. Besi akiyumba, hakuna kitu. Tenori akizidisha, hakuna kitu. Yaani mzigo wote uko kwa yule wa chini.

Hapo bado sijalia. Nililia baadaye.

Kikundi kikubwa kikapumzika, wakaja wanne. Dada mwembamba wa tenori, wawili wa kati, na mama mmoja mnene wa miaka 50 hivi, nywele fupi, viatu vya dhahabu, amesimama pembeni ametulia kama mtu anayesubiri daladala. Wimbo ulikuwa wa taratibu. Katikati wale watatu wakanyamaza, akabaki yeye. Akashuka. Akashuka tena. Nikasema sasa basi, atafika sakafuni. Akashuka tena, akafika kwenye noti ambayo kwaya ya kwetu angepewa baba mwenye kitambi, akaikalia. Hakukohoa, hakutania, hakufanya uso wa kuomba radhi. Ukumbi ulilipuka. Mzee aliyekaa mbele yangu alijipiga goti kofi mpaka mkewe akamshika mkono.

Na mimi nikaanza kulia, wadau. Siyo machozi mawili ya staha, nalia mpaka pua. Mekapu yangu haikuwa ya jukwaani, ilishuka yote kwenye kitenge.

Niwarudishe nyuma. Kidato cha kwanza, shule ya wasichana, mkoa sitautaja. Mwalimu wa kwaya anatupima mmoja mmoja, panda do re mi, shuka do re mi. Nilipofikiwa nikaimba. Akasimamisha kila kitu, akasema, "Nani kaleta mvulana bwenini?" Wasichana 80 wakacheka. Hakunifukuza, ningependa angenifukuza. Alinipanga mstari wa nyuma, nimekuwa mrefu tangu mdogo, akaniambia nifungue mdomo tu, nisitoe sauti, kwa sababu naharibu. Nikafungua mdomo bila sauti miaka minne. Tulikwenda mashindano ya mkoa mara mbili. Picha zipo kwa mama, na kwenye picha zote mimi ndiye niliyefungua mdomo mkubwa kuliko wote.

Jina langu la utani lilikuwa Besi. Nimeitwa Besi mpaka namaliza kidato cha nne. Kuna watu wakinikuta Facebook mpaka leo wanaandika "Besi upo?" na mimi najibu nipo, nacheka, halafu nakaa na simu mkononi.

Sasa nimekaa kwenye ukumbi wa wazungu, mtu anashangiliwa kwa jina hilohilo.

Na kinachonikera ni kwamba sisi tuna Bi Kidude! Mwanamke aliyeimba mpaka uzeeni kabisa kwa ile sauti yake ya chini yenye mchanga ndani, akatoka Zanzibar akaimba huko duniani, amefariki 2013 na mpaka leo ukimweka watu wananyamaza. Ila Bi Kidude tunampenda akiwa jukwaani. Binti wa jirani akiwa na sauti hiyo tunamshauri anywe asali na ndimu.

Shoo ilipoisha nilitaka kukimbilia chooni nikanawe nipotee. Mama Bari akanidaka mlangoni, kope moja ya bandia imeachia inaning'inia, akanivuta kwenye bwalo la shule. Huko ndiko waimbaji na wageni wanakula keki zilizobaki, na kila kona watu wanne wanne wamesimama wamekaribiana wanaimba. Hawaimbi wimbo mzima. Wanaimba mkia wake tu, zile sekunde za mwisho zenye utamu, wanaziita tagi. Hakuna karatasi. Mtu anakufundisha mstari wako kwa kukuimbia mara mbili tatu, halafu mnaunganisha. Mkimaliza mnacheka, mnatawanyika, mnatafuta wengine. Nilimuona bibi wa kama miaka 80 na kigongo chake anatoka kundi hili kwenda kundi lile kama mtoto kwenye sherehe.

Yule mama wa viatu vya dhahabu akapita. Nikamwambia hongera. Neno hilo tu, kwa lugha yao. Akasimama, akaweka sahani chini.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Akamgeukia Mama Bari kama mtu aliyefichwa kitu. "Huyu umemtoa wapi?"

Nikamwambia mimi siimbi. Akasema sawa, lakini sikiliza hii, akaniimbia mstari mfupi, noti kama tisa, nyingi zimekaa palepale. Nilijua ni rahisi. Miaka minne mstari wa nyuma bila kutoa sauti nilijifunza kusikia, hicho hakuna aliyeweza kunizuia. Akaniambia usiisukume, iache ikae kifuani. Akaita dada mmoja wa tenori, akaita lidi, Mama Bari akajiingiza mwenyewe. Wakasogea. Wazungu hawa ambao kwenye foleni ya benki wanataka mita mbili kati yenu, wamenisogelea mpaka nasikia harufu ya dawa ya nywele.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Nilifungua mdomo. Nilifungua mdomo mkubwa, kama kwenye zile picha, na haikutoka. Hakuna aliyecheka. Yule mama akasema twende tena.

Mara ya pili ilitoka.

Sitaweza kuwaeleza vizuri. Ukiwa nje unaisikia ile sauti ya tano juu. Ukiwa ndani, ukiwa wewe ndiye wa chini, unaisikia kwenye meno. Mifupa ya uso inatetemeka. Na unajua kabisa ukiacha wewe inaanguka, kwa hiyo huachi. Tulishikilia mpaka pumzi ikaisha. Dada wa tenori akasema neno moja la kihuni kwa furaha, akajiziba mdomo. Nikawaomba turudie, nikaweka simu kwenye meza nikarekodi.

Usiku nikamtumia mama yangu Makambako. Kwao ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, nikajua atasikia akiamka.

Usingizi hakuna. Nikaingia intaneti kutafuta zaidi kuhusu huu muziki, jinsi unavyomtafuta mtu mliyekutana naye leo ukatamani kujua ana mke au hana. Na kama kawaida, alikuwa nacho kitu.

Mshereheshaji pale kwenye shoo alisimulia historia nzuri sana, vinyozi wa zamani, Tulsa, 1938. Hakusema vinyozi wa nani. Mwaka 1992 mtafiti mmoja, Lynn Abbott, alichapisha utafiti wa kukusanya ushahidi kwamba mtindo huu mizizi yake iko kwa Wamarekani weusi, waliokuwa wakiimba wanne wanne kwenye saluni zao, vijiweni, mitaani, miaka mingi kabla ya makoti ya mistari. Louis Armstrong mwenyewe, kabla hajawa mtu wa tarumbeta, akiwa mtoto New Orleans aliimba kwenye kikundi cha namna hiyo mtaani. Mwaka 1941 wapagazi weusi wa stesheni ya Grand Central ya New York, wakiitwa Grand Central Red Caps, walishinda mashindano ya jiji lao wakatakiwa kwenda fainali za taifa. Wakazuiwa. Kwa rangi.

Nikasema hao ni wanaume, ngoja nione wanawake wangu. Wanawake wangu nao. Sweet Adelines mwaka 1958 walipitisha kwamba uanachama ni wa wanawake weupe tu. Wapo waliokataa, baadhi ya vikundi vikajitoa na mwaka 1959 vikaunda chama kingine, Harmony, Inc., na sharti lile la rangi likiwa sababu mojawapo. Sharti lenyewe lilifutwa 1966. Chama cha wanaume kilikuwa kimefuta la kwao 1963, na wanawake kikaja kuwakubali kama wanachama kamili 2018, juzi tu hapa.

Nilikasirika. Halafu nikakasirika kwamba nimekasirika, maana nilitaka ile jioni ibaki kama nilivyoikuta. Miaka kumi na kitu nasubiri mtu aniambie sauti yangu ina mahali pake, mahali penyewe napaona, naambiwa bibi zako walizuiwa mlangoni. Sawa, siyo bibi zangu mimi wa Makambako. Lakini mwaka 1958 pale mlangoni nani angeniuliza nimetoka Makambako?

Simu ikalia, kama saa tano na nusu usiku. Mama.

"Nimesikia, mwanangu. Mmeimba vizuri. Huyo baba anayeimba chini ni nani? Ni mzungu?"

Nikaandika: "Shikamoo mama. Ni mimi."

Tiki mbili za bluu. Kimya. Nikaona anarekodi, ameacha, anarekodi, ameacha. Mama yangu si mtu wa kukosa maneno. Dakika kama kumi hivi ikaja sauti, kuku wanalia nyuma, mtu anafagia uwanja.

"Marahaba. Nimeirudia tena. Kumbe ni wewe." Akanyamaza, ufagio unaendelea. "Yule mwalimu wenu siku ya wazazi aliniambia huyu mtoto msimsumbue na mambo ya kuimba, hana sauti. Na mimi nikakukataza hata nyumbani. Nilimwamini kwa sababu ni mwalimu."

Nilikuwa sijui hilo. Nilikumbuka tu kwamba niliacha kuimba wakati wa kuosha vyombo, nikadhani niliacha mwenyewe.

Jumatatu nikamkuta Mama Bari chumba cha mashuka. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaishia kumuuliza tu kama anajua habari za 1958. Akaendelea kukunja taulo. Akasema anajua, ila juujuu, wamewahi kuizungumza kwenye kikundi. Nikidhani yameisha akaniambia mama yake mzazi alikuwa mwanachama miaka hiyo. Ndiyo yeye alivyoanza, alikuwa analazwa kwenye makoti nyuma ya ukumbi wakati mama yake anaimba.

"Alipiga kura?" nikamuuliza.

"Sijui. Sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kwamba siku za mazoezi alirudi nyumbani na furaha." Alikunja taulo moja mara tatu, ikawa dogo mno, akaifungua. "Nilikuwa na muda wa kumuuliza. Alikufa ana miaka 91."

Sikuwa na la kujibu, naye hakuniomba nimjibu. Kengele ya chumba cha 14 ikalia nikaenda. Niliporudi akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mazoezi ni kila Jumanne saa moja jioni, na besi wanao watatu tu, mmoja anafanyiwa upasuaji wa goti. Nikamwambia nitafikiria, Mama Bari. Ilinitoka hivyohivyo kwa Kiswahili, akauliza nimesema nini, nikamwambia ni heshima. Akasema basi hiyo anaikubali.

Kuna shosti wangu hapa Columbus nimemsimulia, kaniambia nisiende, nitakuwa picha yao ya kuweka kwenye tovuti kuonesha wamebadilika. Inawezekana. Mwingine kaniambia muziki wenyewe ni wetu, niende nikachukue changu. Nayo inawezekana, ingawa mimi ni mtu wa Makambako na sina uhakika changu ni kipi hapo. Mimi ninachokijua ni kwamba tangu Jumapili naimba zile noti tisa nikiwa naendesha gari, naimba nikiogesha wazee, na bibi mmoja asiyekumbuka hata majina ya wanawe jana alinifuata kwa sauti ya juu, sawasawa kabisa, halafu akaniuliza wewe ni nani.

Jumanne hii ratiba inaonesha nina zamu ya jioni. Mtu pekee ninayeweza kubadilishana naye ni Mama Bari, na yeye Jumanne haguswi. Kwa hiyo nimebandika kikaratasi kwenye ubao wa wafanyakazi, natafuta wa kunishikia saa nne tu. Leo asubuhi nimekuta mtu ameandika jina lake pale chini kwa penseli, halafu amelifuta nusu. Nimempigia. Kapokea, kasema, "Ndiyo bwana?"

Nikamwambia ni mimi.